Kupiga picha za maua kwa karibu kwa simu yako: mwongozo kamili kwa wenye kabustani ka uani

Ukipita mitandaoni utakuta picha za maua kibao na karibu zote ni zile zile, ua zima katikati, majani nyuma, basi. Hamna ubaya, ila ua zima hata mpita njia analiona, kamera haijamuongezea kitu. Utamu wa kupiga kwa karibu uko kwenye vile vitu ambavyo jicho linavipita tu, chavua iliyonata kwenye petali, manyoya ya kikonyo, kidudu cha kijani kilichojibanza chini ya tumba. Na vitu hivo huvipati kwa kusogeza simu tu, unavipata kwa kujua unatafuta nini kabla hujaitoa simu mfukoni. Kwaiyo humu nusu ni mambo ya simu na nusu ni mambo ya ua lenyewe, na mimi naona hiyo ya pili ndo nzito zaidi.

Mifano yangu ni maua ya kawaida ya uani, hibiskasi, bogenivilia, pasheni, alizeti, lantana, asumini. Kama huna bustani hata mmaboga wa jirani unatosha, ilimradi umeomba ruhusa.

Kwanza ijue simu yako inaona karibu kiasi gani

Kila simu ina umbali ambao ukiusogelea zaidi picha inakuwa ukungu na haikubali tena. Watu wengi hawaujui umbali huo, wanabandika simu puani mwa ua alafu wanalalamika kamera mbovu. Fanya hivi, chukua rula ya mtoto ya shule, ilaze mezani karibu na dirisha, fungua kamera ya kawaida, anza juu kisha shuka taratibu huku unagusa skrini kwenye namba. Pale namba zinapogoma kukaa sawa rudi juu kidogo, hapo ndo mwisho wako. Simu nyingi za sasa zenye sensa kubwa (ile sehemu ya kamera inayopokea mwanga) zinagoma kuanzia sentimita 10 hadi 15 hivi. Sasa angalia skrini inaonyesha sentimita ngapi za rula kutoka kushoto kwenda kulia. Ikionyesha 8 maana yake hibiskasi moja inajaa picha nzima, ikionyesha 3 unaweza kuingia katikati ya hibiskasi. Rudia jaribio hilo hilo ukiwa umeweka zumu ya 2x, mara nyingi utashangaa, ukikaa mbali kidogo na 2x unapata kitu kikubwa zaidi kuliko kubanana na 1x, na pia simu yako haikuzibii mwanga.

Alafu kuna ile kamera ndogo iliyoandikwa makro kwenye simu za bei ya kati. Nyingi ni za megapikseli 2, yaani picha ina upana wa pikseli 1600 tu, na fokasi yake, yaani umbali ambao picha inakaa sawa, haisogei, imepangwa sentimita 4 hivi kutoka kwenye kitu. Inafanya kazi mwanga ukiwa mwingi, ila kama kamera kubwa ya simu yako ni ya megapikseli 48 au 50 piga na hiyo ukiwa mbali kidogo kisha kata picha baadaye, mara nyingi inashinda. Simu za bei kali kama iPhone 13 Pro iliyotoka 2021 na zilizofuata zinatumia lenzi pana yenye fokasi, inafika hadi sentimita 2, ila inajiwasha yenyewe ukisogea na picha inaruka ghafla, kwaiyo tafuta kwenye setingi pa kuizima ili uwe unaamua wewe.

Ukitaka kuingia ndani zaidi kuna lenzi za kubana, kibanio chenye kioo kidogo unachokibana juu ya kamera, zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya simu Kariakoo na mitaa mingine ya namna hiyo. Mambo mawili ya kuangalia kabla hujalipa: jaribu pale pale dukani ikae sawasawa juu ya kamera kubwa bila kuleta weusi pembeni, na ucheki pembe za picha zisiwe zimevutika sana. Zingatia pia kwamba na lenzi hii lazima uwe karibu sana, sentimita 2 au 3, na ukitikisika kidogo tu kila kitu kimepotea.

Futa lenzi. Najua unajua, futa tu. Kipande cha pamba safi kinatosha, alama ya kidole ndo inayofanya picha nyingi zionekane zimefifia.

Sasa liangalie ua bila simu

Hapa tukae kidogo. Chukua hibiskasi nyekundu ile ya kwenye uzio. Katikati linatoka bomba refu. Juu kabisa ya bomba kuna vichwa 5 vidogo vya duara vyenye vinywele vifupi kama mahameli, hizo ni stigma, zinazopokea chavua. Chini yake bomba limezungukwa na vijiti vingi vyembamba, kila kimoja kina kifuko cha njano, na hapo ndipo chavua inatoka. Chavua ya hibiskasi ni kubwa kuliko ya maua mengi na ina miiba miiba, kwaiyo kwa lenzi ya kubana unaona punje moja moja, ziko kama zimemwagika juu ya petali. Shuka chini hadi kwenye shina la petali utakuta jicho jekundu iliyokolea na mishipa inatawanyika kwenda nje. Geuza ua, nyuma kuna kikombe cha kijani na chini ya hicho kikombe kuna duara jingine la vijani vyembamba ambalo karibu hakuna anayelipiga picha. Hayo yote ni picha 4 au 5 tofauti ndani ya ua moja. Chagua moja. Ukitaka zote kwenye picha moja utapata ile picha ya mpita njia niliyosema mwanzo.

Bogenivilia nayo watu wengi hawajawahi kuiangalia. Ile rangi ya zambarau au machungwa unayoiita ua ni majani, yako matatu matatu, na ua lenyewe ni kamrija kadogo kaliko katikati kenye kinyota cheupe au cha krimu mwishoni. Na kila kamrija kameshikana na mshipa wa kati wa jani lake. Pale wanaposhikana, ukipiga kwa ubavu na mwanga ukitokea nyuma, mishipa ya lile jani inawaka yote, hiyo ndo picha.

Pasheni ndo mfalme wa hii kazi. Ile shada ya nyuzi nyeupe zenye zambarau chini, juu yake vifuko 5 vya chavua vinavyotazama chini, juu zaidi stigma 3. Ua linapofunguka stigma zimesimama, baadaye zinainama taratibu hadi kufika usawa wa chavua, kwaiyo ukija mara mbili siku hiyo hiyo unapata picha mbili tofauti. Ila angalia saa: pasheni ya tunda la zambarau inafunguka alfajiri na kufunga karibu na mchana, ya tunda la njano inafunguka karibu saa 6 mchana na kubaki hadi usiku. Ukiwa na ya njano usijisumbue kuamka mapema.

Lantana ile ya vichakani, yenye mviringo wa vijiua vidogo, angalia rangi zake: katikati njano, pembeni pinki au nyekundu. Vijiua vinaanza njano na kubadilika kadiri vinavyozeeka, na vya pembeni ndo vilifunguka kwanza, kwaiyo kichwa kimoja kinakuonyesha umri wote kwa mara moja. Alizeti ni hivo hivo, kile kisahani cha katikati ni mamia ya vijiua na vinafunguka kuanzia nje kwenda ndani. Piga mpaka, pale vilivyofunguka vinapokutana na ambavyo bado. Na ukipenda hesabu, kwenye alizeti kubwa mistari inayozunguka upande mmoja mara nyingi ni 34 na upande wa pili 55.

Kwa wenye bustani ya chakula, mboga na papai zina mambo pia. Ua la boga la kike lina kaboga kadogo chini yake tayari, la kiume lina kikonyo tu. Ua la mpapai jike lina stigma 5 zilizochanua zimekatika katika nchani, za kiume zinaning'inia kwenye vikonyo virefu na ni nyembamba. Picha za hivi hata mtu asiyejali picha anazipenda maana zinamsaidia shambani.

Na kama uko Tanga huko Usambara, au una kile kiua cha chungu cha zambarau chenye majani ya manyoya ambacho dunia nzima inakiita African violet, jua asili yake ni milima yetu. Mtawala wa Kijerumani wa Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu Ujerumani 1892, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akakipa jina la kitaalamu Saintpaulia. Ukipiga kwa karibu tafuta kale kajiti kanakotoka pembeni ya vifuko viwili vya njano: kwenye ua moja kameegemea kulia, kwenye jingine kushoto. Piga mawili ubavu kwa ubavu.

Mwanga

Jua la saa 6 mchana kwetu liko utosini, vivuli vinakuwa vikali na petali zinang'aa hadi zinakosa mishipa. Muda mzuri ni kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu asubuhi, au kuanzia saa 11 jioni. Siku ya mawingu piga muda wowote, wingu ni shuka kubwa la bure.

Ila pasheni ya njano inafunguka mchana, na ukitaka stigma zikiwa bado zimesimama huwezi kusubiri jioni, kwaiyo lazima ujue kutengeneza kivuli laini. Kunja chandarua cheupe kilichochakaa mara mbili, mtu akishike kati ya jua na ua, karibu na ua lakini kisionekane kwenye picha. Kikiwa karibu mwanga unakuwa laini zaidi, kikiwa mbali hakisaidii sana. Upande wa pili wenye giza weka karatasi nyeupe au kipande cha boksi ulichokibandika foili, mwanga unarudi na kuingia chini ya petali. Foili ni kali, kwa maua meupe tumia karatasi.

Mwanga wa nyuma ujaribu kila mara. Simama ukiwa umeelekea jua, ua likiwa katikati yenu, ikinge lenzi kwa kiganja ili jua lisiipige moja kwa moja. Manyoya yote ya kikonyo yanatokea kwa mstari mweupe na petali zinaonyesha mishipa. Kwa mishipa na manyoya hakuna mwanga unaoushinda huu.

Asumini inafunguka jioni, na hapo mwanga umeisha. Tumia tochi ya simu ya pili, ifunike kwa karatasi nyeupe au kipande cha leso, ishikilie kwa ubavu wa ua, isiwe usawa wa kamera. Flashi ya simu yako izime kabisa, kwa karibu hivi inapiga weupe na kufuta kila kitu.

Upepo, na mikono yako

Ukiwa pwani unajua, asubuhi kumetulia, kuanzia saa 4 au 5 upepo wa bahari unaanza na ukichanganya na kusi ua halikai. Kwa umbali huu ua likisogea milimita 2 tu umepoteza fokasi. Dawa ni rahisi, fimbo nyembamba unaichomeka ardhini kando ya mmea, unafunga kibanio cha nguo juu yake, kibanio cha pili kinashika kikonyo taratibu chini ya pale kamera inapoona. Usibane tumba wala kikonyo laini, weka kipande cha pamba katikati.

Mikono nayo: viwiko viguse mbavu, au kaa chini kabisa na goti liwe meza yako. Simu kwenye ndoo iliyopinduliwa ni nzuri kuliko tripodi kwa maua ya chini. Weka taima ya sekunde 2 ili kubonyeza kusitikise simu.

Kama simu ina modi ya pro weka shata (kasi ya kupiga picha) 1/250 ya sekunde au kasi zaidi, ISO (jinsi kamera inavyoongeza mwanga yenyewe) iache hadi 400, ukiona giza ongeza mwanga kwa foili kabla ya kuongeza ISO.

Fokasi, hapa ndo wengi wanapofeli

Ukikaribia, sehemu inayoonekana sawa inakuwa nyembamba sana, wakati mwingine milimita chache. Huwezi kupata kila kitu, kwaiyo unaamua kipi kiwe sawa. Kama unapiga bomba la hibiskasi, litazame kwa ubavu ili bomba lote liwe umbali sawa na simu, ukilipiga kwa mbele ncha itakuwa sawa na shina ukungu. Kanuni yenyewe: kile unachotaka kionekane kilaze sambamba na simu.

Gusa skrini kwenye hicho kitu, shikilia hadi fokasi ijifunge, alafu usiguse tena. Sasa wewe mwenyewe yumbisha mwili mbele na nyuma polepole, kidogo sana, huku unapiga mfululizo. Utapiga nyingi na nyingi zitakuwa ovyo, moja au mbili zitakuwa zimekaa pale pale. Hii inashinda kuiachia simu itafute yenyewe, maana simu inapenda kukimbilia majani ya nyuma.

Modi ya potreti iache. Ukungu wake ni wa kompyuta na inakata vijiti vya hibiskasi na nyuzi za pasheni kwa sababu haielewi ziko wapi. Kwa umbali huu ukungu wa kweli unakuja wenyewe, cha kufanya ni kuhakikisha kilicho nyuma kiko mbali, nusu mita au zaidi. Songa hatua moja kushoto uone, ukuta wa njano unageuka majani meusi. Ikishindikana mwambie mtu ashike kanga ya rangi iliyopoa nyuma, mbali, mbali zaidi.

Nyekundu na nyeupe zinavyosumbua

Hibiskasi nyekundu kwenye jua inatoka kama doa moja jekundu, haina mishipa wala mkunjo. Sababu ni kwamba sehemu ya nyekundu ya sensa imejaa wakati kijani na bluu bado, na simu inapima wastani ikaona sawa tu. Punguza mwanga, ile alama ya jua inayotokea ukigusa skrini ishushe hadi uone mishipa inarudi, hata kama majani ya nyuma yatakuwa giza. Giza unaweza kulinyanyua baadaye, nyekundu iliyojaa hairudi.

Nyeupe ina tabia mbili. Asumini ndogo kwenye majani mengi ya kijani, simu inaona giza na inazidisha mwanga, shusha. Ua jeupe likijaa picha nzima simu inaona mwanga mwingi na inalifanya la kijivu, pandisha kidogo. Ukiwa chini ya mwembe kila kitu kinatoka na ukijani, ukihariri baadaye sogeza rangi kidogo kuelekea pinki ya zambarau hadi ukijani upotee.

Umande, wadudu na nyuma ya ua

Tone la umande ni lenzi. Ukisogea sana na kufokasi ndani ya tone utaliona ua la nyuma yake limepinduka juu chini. Tafuta tone lililo kwenye ncha ya jani, alafu sogea wewe hadi ua liwe nyuma yake sawasawa. Wanaonyunyizia maji kwa chupa sawa tu, ila matone ya kunyunyizia yanakuwa ya saizi zote na yanakaa popote, jicho lililozoea linajua.

Wadudu uwatafute kabla hujaweka simu. Kwenye matumba ya waridi angalia chini, vidukari vinakaa kwa makundi na sisimizi wanapita juu yao wakilamba utamu wanaoutoa. Kwenye maua meupe na ya njano chunguza kama kuna buibui wa rangi ile ile aliyetanua miguu ya mbele, huyo anasubiri nyuki. Kwa nyuki usimkimbize, chagua ua ambalo wanalirudia, funga fokasi kwenye chavua na usubiri, na kivuli chako kisimpitie. Kwenye pasheni atakuja yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa. Kwenye hibiskasi nyekundu utamngoja nyuki zaidi kuliko yule ndege mdogo chozi, maana nyuki wa asali nyekundu haioni vizuri lakini yule ndege anaiona sana.

Na nyuma ya ua. Baada ya kila ua unalolipiga mbele ligeuze, au lala chini ulipige kutokea chini anga ikiwa nyuma. Sepali (vile vijani vya kikombe cha kijani), vinywele, kikonyo, petali zinavyopishana, huko kumejaa vitu na hakuna anayekuja.

Ukirudi ndani

Futa picha mbovu kwanza, kabla ya kuhariri chochote. Kuza kila picha hadi mwisho, kama kile ulichokichagua si kikali ondoa, usijipe moyo kwamba programu itaokoa, haiokoi. Zilizobaki ziweke kwenye Snapseed au programu yoyote uliyozoea, kata picha kwanza ili kitu chako kiwe kikubwa, nyanyua giza kidogo, ongeza ukali kidogo. Ile sehemu ya kuongeza ukali wa vitu vidogo vidogo usiisukume, ikizidi petali zinakuwa kama mchanga na kila mtu anaona. Rangi ziache karibu na ulivoliona ua uani.

Kama unataka kujua ua ni la aina gani, tuma kwenye iNaturalist, mtandao ambapo watu wanasaidiana kutambua mimea na wadudu, picha zaidi ya moja: mbele, ubavu, nyuma, na jani lake. Picha moja nzuri ya katikati ya ua mara nyingi haitoshi mtu kukutambulishia, jani na sepali ndo zinamaliza ubishi. Andika tarehe na mahali wakati bado unakumbuka.

Na ukiwatumia ndugu kwenye WhatsApp tuma kama dokumenti, au chagua ubora wa juu, maana ikitumwa kawaida picha inabanwa na zile punje za chavua ulizozihangaikia asubuhi yote hazitaonekana.